Daktari, asasi na jani la Chunya

Anayechuma tumbaku alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani, hurudi nyumbani na mikono iliyoganda utomvu mweusi. Ananawa kwa sabuni lakini hautoki wote, na tonge la kwanza la ugali huwa chungu. Nimekulia katika nyumba ya namna hiyo wilayani Chunya, mkoani Mbeya. Kuna siku kijana mwenye nguvu zake alikuwa anatapika kabla jua halijapanda, kichwa kinamzunguka, na wakubwa wanasema amelewa tumbaku, akalale. Nilikuja kujua ukubwani kwamba ile ni nikotini inayopenya kwenye ngozi kutoka kwenye jani bichi lililolowa. Hakuna mtu wa afya aliyewahi kutuambia.

Naanzia hapo kwa sababu siku hizi asasi za afya zinawaita madaktari waungane nazo kupigania udhibiti wa tumbaku: wasaini matamko, wazungumze na wabunge, wasimame mbele tarehe 31 Mei, siku ya kutotumia tumbaku duniani. Wito huo mara nyingi unaizungumzia tumbaku kana kwamba ni sigara tu. Kwetu tumbaku ni ada ya shule na bati la nyumba. Ni ushuru wa mazao unaoingia halmashauri, na halmashauri hiyohiyo ndiyo inayoezeka zahanati.

Hoja ya kuwataka madaktari waingie ni nzito, na historia inaibeba. Mwaka 1950 watafiti Richard Doll na Austin Bradford Hill walichapisha huko London utafiti uliohusisha sigara na saratani ya mapafu. Mwaka uliofuata wakawaandikia madaktari wa Uingereza kuwauliza wanavuta kiasi gani, kisha wakafuatilia nani anakufa na kwa ugonjwa gani. Ufuatiliaji ule uliendelea kwa miaka 50, na ulionyesha kwamba mvutaji wa kudumu hupoteza wastani wa miaka 10 ya maisha; akiacha akiwa na miaka 30 anairudisha karibu yote. Hata hivyo ushahidi peke yake haukubadilisha sheria. Chuo cha kifalme cha madaktari wa London kilitoa ripoti yake mwaka 1962, serikali ikasuasua, na mwaka 1971 chuo hicho kikaanzisha ASH, asasi ya kupinga uvutaji, ili kuwe na mtu wa kubisha hodi kila siku. Kwa hiyo asasi ile ilizaliwa na madaktari wenyewe, walipoona kwamba karatasi zao zinasomwa na kuwekwa kabatini.

Hapa nyumbani Tanzania sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku tunayo tangu 2003, na mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku tuliuridhia mwaka 2007. Sheria inakataza kumuuzia sigara aliye chini ya miaka 18. Nenda soko la Mwanjelwa, jijini Mbeya, jioni uone: pakiti imefunguliwa juu ya meza ya karanga, sigara zinauzwa mojamoja, kiberiti kimefungwa kamba ili kisipotee. Hakuna anayemuuliza kijana umri wake. Pengo la namna hiyo mwanasheria wa asasi anaweza kulieleza, lakini diwani atamsikiliza zaidi daktari anayesema, "Nimewalaza wangapi mwezi huu."

Wanaosita nao si waoga. Daktari wa serikali ni mtumishi wa umma. Ana taratibu za nani aseme nini mbele ya vyombo vya habari, na akizikiuka asasi haitamlipia mshahara. Muda nao haumtoshi, foleni imefika getini. Tena vijijini anayeitwa daktari mara nyingi ni tabibu au muuguzi, na barua za asasi hazimfikii kabisa. Kuna pia suala la fedha. Asasi nyingi zinaendeshwa na wafadhili wa nje, na mkulima hakosei akiuliza ni nani anayelipia warsha ambayo zao lake linalaaniwa.

Pingamizi ninaloliona kubwa kuliko yote ni jingine. Daktari wa London aliyepambana na sigara hakuwa na mkulima wa tumbaku kwenye benchi lake la wagonjwa. Daktari wa Chunya anaye, na kesho atamtibu mtoto wake. Akisikika redioni akisema zao hili life, ataambiwa nini kituoni, pale mama anapokuja na kadi ya kliniki? Imani ikishavunjika, hata ushauri wa kumaliza dozi ya kifua kikuu unaingia sikio moja na kutokea la pili. Nayo kampuni haikai kimya: inachimba kisima, inatoa miche ya miti, inamkopesha mkulima mbolea na kumwekea mnunuzi kabla mbegu haijaota. Alizeti na karanga zinastawi kwetu, lakini hazina mkataba wa namna hiyo. Anayemwambia mkulima aache tumbaku bila kujibu hilo anamwambia akope wapi?

Hata hivyo sikubaliani na wanaosema basi daktari akae na vidonge vyake. Baba yangu alikohoa miaka. Alipimwa makohozi zaidi ya mara moja katika kituo kimoja cha afya, akapewa dawa, akarudishwa nyumbani. Nilikuwa nampeleka mimi. Katika safari zote zile sikusikia mtu akimuuliza kama anavuta, na pakiti ilikuwa kwenye mfuko wa shati, inaonekana. Uvutaji huongeza hatari ya kuugua kifua kikuu, jambo ambalo kila aliyesomea utabibu analijua. Wala halikuhitaji mfadhili au tamko, lilihitaji swali moja na mstari mmoja kwenye faili. Ushauri mfupi wa daktari haumwachishi kila mtu, wanaoacha kwa sababu yake ni wachache katika kila mia. Lakini kwa idadi ya wanaopita mbele yake kwa mwaka, wachache hao ni watu wengi.

Kwa hiyo naona daktari aingie, ila asiingie kama koti jeupe la kupigia picha. Aende na faili zake, majina yakiwa yameondolewa. Apitie kwenye chama chake cha kitaaluma, ili hoja isibebwe na mtu mmoja anayeweza kuhamishwa kesho. Na aiwekee asasi sharti: mkulima awemo tangu mwanzo. Hilo si ombi la huruma. Mkataba tulioridhia unazitaka serikali, katika ibara ya 17, ziwasaidie wakulima kupata njia nyingine za kujikimu, na ibara ya 18 inataja afya ya wanaolima na mazingira yao. Sisi tuliokata kuni za mabani ya kukaushia tumbaku tunajua misitu ya miombo ilivyorudi nyuma mwaka hadi mwaka. Asasi inayozikumbuka ibara za kodi na matangazo ikazisahau hizo mbili haistahili saini ya daktari wa huku.

Pa kuanzia ningependekeza siku ya soko la tumbaku, pale chama cha msingi kinapokusanya mitumba ya tumbaku na wakulima wanasubiri mizani tangu asubuhi. Daktari, tabibu na muuguzi waweke meza pembeni, wapime presha bure, na wamuulize kila anayekaa maswali mawili: unavuta? Na msimu huu wa kuchuma ulitapika mara ngapi? Msimu mmoja tu wa majibu hayo, yakiandikwa vizuri, ungempa mtu wa asasi kitu cha kupeleka Dodoma ambacho wakulima wenyewe wamekisema.