Nyumbani Wanasema, Huku Wanahesabu

Jumamosi iliyopita wenzangu wa kazini walinitoa tukale pamoja. Mhudumu akaleta menyu. Jina la chakula, bei, halafu pembeni ya bei namba nyingine: kalori. Ni sheria hapa England tangu Aprili 2022, kwa kampuni za chakula zenye wafanyakazi 250 au zaidi. Chini kabisa kuna maandishi madogo ya kukukumbusha kwamba mtu mzima anahitaji takriban kalori 2,000 kwa siku, usije ukajisahau.

Meza ikanyamaza. Watu sita, kila mmoja anapiga hesabu kimoyomoyo, na hakuna anayesema anachokihesabu. Wanne wakaishia kuagiza chakula kilekile, chenye namba ndogo kuliko vyote.

Nikamkumbuka shangazi.

Shangazi hahitaji namba. Ukishuka tu kwenye gari, begi halijagusa chini: "We! Umenenepa!" Tena kwa sauti ya kuwaita na majirani waje kushuhudia. Ukirudi likizo nyingine: "Mbona umekonda hivi, unaumwa?" Na nyie mnajua swali hilo lilibeba nini miaka ile, sina haja ya kueleza. Nyumbani mwili wako ni mali ya ukoo, kila mwenye mdomo ana hisa. Ukipungua, mkeo hapiki. Ukiongezeka, pesa zimeingia, na wa kukukopa wanaanza kupanga foleni. Ukisema umeshiba unaulizwa, "Umekula nini hapo?" na upawa wa pili unatua kwenye sahani yako bila hodi.

Kwa hiyo nilipofika huku niliona nimeingia peponi. Miaka miwili mizima hakuna aliyeutaja mwili wangu. Nikanenepa, kimya. Nikapungua, kimya. Kumwambia mtu kanenepa huku ni karibu na kumtukania mzazi. Nikasema hawa wenzetu wamestaarabika.

Tulieni. Najua kuna ambaye keshaanza kujibu: "Miaka saba tu ughaibuni, kwao wote washamba." Subiri basi nimalize.

Maana ni ukimya huohuo ulionipeleka kununua mizani. Hakuna wa kuniambia, nikaanza kujiambia. Nikapakua na programu ya simu ya kuandika kila kinachopita mdomoni, hata nilichoonja jikoni nikipika. Nikajipima asubuhi, nikajipima usiku, mwishowe najipima kabla na baada ya kwenda haja. Samahanini, ila ndivyo ilivyokuwa. Shangazi alinisema mara moja kwa mwaka, tena akishasema anacheka na kunipakulia. Mimi nilijisema mara nne kwa siku na wala sikucheka.

Programu ilinipa kalori 1,500 kwa siku, kwa sababu uwiano wangu wa uzito na urefu ulikuwa 26 na mstari mwekundu unaanzia 25. Nikaukubali mstari ule kama aya. Siku nilipoamua kuuliza ulikotoka ndipo nikajua kwamba hesabu yenyewe, kilo ugawe kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, ni ya Adolphe Quetelet, Mbelgiji wa karne ya 19 aliyekuwa bingwa wa hisabati na nyota. Hakuwa daktari. Alikuwa anamtafuta mtu wa wastani katika umati, hakuwa anampima fulani bin fulani. Mwaka 1972 Mmarekani Ancel Keys na wenzake wakaipa hesabu hiyo jina inaloitwa leo, BMI. Kwa kuangalia watu elfu moja kwa mpigo, inafaa. Kwako peke yako, haiwezi hata kutofautisha msuli na kitambi.

Sasa kuna yule wa siku zote, ambaye naisikia sauti yake hata akiwa hajasema: "Wenzio huku nyumbani hawana uhakika wa mlo wa jioni, wewe unalia kwa kushiba." Ndugu yangu, mlo wa jioni wa kubahatisha naujua. Nimeukosa mara nyingi kuliko unavyodhani. Ndiyo maana nakuambia kitu kimoja.

Keys huyohuyo, mwishoni mwa Vita vya Pili vya Dunia, aliwachukua vijana 36 wenye afya njema, watu waliokataa kubeba silaha wakajitolea kwa hili. Kwa karibu miezi sita aliwapa wastani wa kalori 1,570 hivi kwa siku huku wakitembea kilomita kwa kilomita, ili ijulikane namna ya kuwarudisha watu waliodhoofika kwa njaa. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Lakini kilichonikaa kichwani ni kwamba walianza kusoma vitabu vya mapishi kama riwaya, wakaota chakula, wakalamba sahani. Hata waliporuhusiwa kula, baadhi yao walikula na kula wasione mwisho wa njaa.

Rudia kuisoma hiyo namba, halafu uangalie niliyopewa na simu. Na mimi nililamba sahani, nyumba yenye friji imejaa. Usiku saa sita nilikuwa natazama watu wasionijua wakipika kwenye kioo cha simu. Mwili haujui kama umepunguziwa kwa ufukara au kwa hiari. Unajua umepunguziwa, basi.

"Kwa hiyo unatuambia nyumbani ndiko kuzuri?" Hapana, wala usinilishe maneno. Mjomba wangu alisifiwa kitambi mpaka siku aliyokatwa mguu. Sukari ilikuwa inamla miaka, na sisi tunasema amependeza, mambo yake safi. Yeye naye akiona kiu isiyoisha anasema ni joto. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia akapime damu, sote tuliokuwa na midomo mirefu kuhusu tumbo lake. Hilo bado linanikera kuliko menyu yoyote ya Mzungu.

Siku hizi mizani iko chini ya kitanda na programu nimeifuta. Napima presha na sukari, nafuata muda anaoniambia nesi. Nakula mezani, simu iko chumba kingine, na nikisikia nimeshiba naacha. Hilo la mwisho linasikika jepesi. Limenichukua mwaka mzima, na wiki nyingine linanishinda.

Basi Jumamosi ile nikakumbuka nilichowahi kusoma, kwamba sheria yenyewe inaruhusu mteja akiomba apewe menyu isiyo na namba. Nikaomba. Wenzangu wakanitazama kana kwamba nimevua shati. Mhudumu, kijana mdogo, akaenda kuitafuta, akakaa huko, akarudi nayo.

Nikaifungua. Majina matupu. Nikasoma mpaka chini, nikarudi juu. Hakuna wa kunipakulia, hakuna namba ya kuikimbia. Kijana akaja mara ya kwanza, akaja mara ya pili na kalamu yake mkononi, nami bado sijajua ninachotaka kula.