Gigabaiti 8 na bado inakwama!

Hivi kompyuta inataka memori (RAM, ile ya kufanyia kazi, si ya kuhifadhia mafaili) kiasi gani ndipo ishibe? Mwaka 1995, Windows 95 iliridhika na megabaiti 4. Windows 11 inadai gigabaiti 4, zaidi ya mara elfu moja, na hapo ni kuiwasha tu! Ipe hizo 4 uone utakavyozeeka ukisubiri. Weka 8, fungua kivinjari na kurasa zako chache, feni inanguruma kama ndege inayopaa. Haya, tuweke 16. Programu ya kuchati, jamani, ya kuchati tu, inajimegea gigabaiti nzima! Inatafuna nini humo? Ujumbe wenyewe ni “poa” na “sawa”. Ukitaka kuongeza, unakuta chipu za memori zimelehemiwa kwenye ubao, hazitoki! Wenzangu, mnaishije?