Gesi au mkasi: kifo cha kitoto cha panya maabarani

Mwambie mtu asiyeijua maabara achague jinsi ya kuua kitoto cha panya kilichozaliwa leo, kwa gesi au kwa mkasi wa kukata kichwa, atachagua gesi. Gesi haina damu. Unaviweka vitoto kwenye kisanduku, unafunga mfuniko, unafungulia mtungi wa kabonidayoksaidi na kugeukia kazi nyingine. Mkasi unataka mkono wako na macho yako viwe pale pale. Naona chaguo hilo linampunguzia uchungu anayeua kuliko anayeuawa, ingawa wanaolitetea wana hoja nzito.

Vitoto hivi huuawa kwa nini? Panya wa maabara wa aina ndogo hubeba mimba wiki tatu tu, na huzaa sita, nane, hata zaidi kwa mkupuo. Wanapozalishwa ili wapatikane wenye jeni fulani, wengi huzaliwa bila jeni hiyo. Hawa hawaingii kwenye jaribio lolote, na vizimba vimejaa.

Panya mzima akivuta kabonidayoksaidi ya kutosha hufa ndani ya dakika chache. Kitoto kimetoka tumboni, mahali penye oksijeni kidogo, na mwili wake bado unastahimili hali hiyo. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2005 vilionyesha kuwa vitoto vya panya wa aina ndogo, siku ya kuzaliwa, huweza kuhitaji hadi dakika 50 ndani ya gesi ndipo vife. Kwa panya wa maabara wa aina kubwa, utafiti wa baadaye ulifikia dakika 35. Ustahimilivu huo hupungua hadi karibu siku ya kumi.

Dakika 50 ni zaidi ya kipindi kizima cha darasani. Linalonisumbua zaidi ni hili: mtu aliyezoea panya wazima anaweza kuvitoa vitoto mapema, akaviona vimetulia, akavitia kwenye mfuko wa taka. Mle ndani, kitoto kinaanza kupumua tena.

Watetezi wa gesi hujibu kwamba muda si kipimo cha mateso. Kitoto hakioni wala hakisikii, na ubongo wake haujakomaa. David Mellor wa New Zealand, mtaalamu wa ustawi wa wanyama, ameshikilia kwa miaka mingi kwamba wanaozaliwa wakiwa wachanga kiasi hiki hawana fahamu siku za mwanzo. Mwaka 2009 yeye na wenzake walipima umeme wa ubongo wa vitoto vya panya vilivyolazwa usingizi kwa dawa kidogo, huku mkia ukibanwa. Vya wiki moja havikuonyesha badiliko la maana, vya wiki mbili vilionyesha kidogo, na vya wiki tatu vilionyesha wazi. Kama hakuna anayehisi, dakika 50 zinamuumiza nani?

Naiheshimu hoja hii, lakini haitoshi kunituliza. Kitoto cha siku moja hujikunja kikiumizwa, na kikipata baridi hulia kwa sauti nyembamba ambayo masikio yetu hayaifikii, na mama yake huisikia. Hilo halithibitishi fahamu, najua. Ila hadi miaka ya 1980 vichanga vya binadamu vilipasuliwa vikiwa na dawa kidogo mno ya maumivu, kwa imani kwamba havihisi sana. Mwaka 1987 daktari Anand na watafiti wenzake wa Chuo Kikuu cha Oxford walionyesha kuwa watoto njiti waliopewa dawa kamili walipata madhara machache baada ya upasuaji. Silinganishi panya na mtoto wa mtu. Nasema uhakika wa aina hii umewahi kutuponza.

Sheria nazo zimegawanyika. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2010 limekataza gesi hii kwa vitoto vya panya. Mwongozo wa chama cha madaktari wa mifugo wa Marekani unairuhusu, mradi vikae humo muda mrefu na kifo kihakikishwe, ikibidi kwa njia ya pili. Hatua hiyo ya pili inazuia kuzinduka kwenye mfuko, lakini zile dakika zinabaki. Mimi niko na Ulaya.

Mkasi nao una lawama zake. Katika panya wazima, umeme wa ubongo umepimwa ukiendelea sekunde 13 au 14 baada ya kichwa kukatwa, na wataalamu wanabishana kama huo ni ufahamu. Sindano ya dawa ya usingizi kabla ya mkasi ingesaidia, lakini kuichoma kwenye mwili wa gramu moja na nusu hivi nako ni maumivu. Hata hivyo, sekunde kwa dakika 50 hazilingani.

Hoja ya watetezi wa gesi ninayoikubali bila kusita ni ya mfanyakazi. Kukata vichwa kadhaa kila asubuhi kunamwumiza mtu, na mkono uliochoka hukosea. Basi zamu zizunguke, mkasi unolewe kila mara, mimba zipangwe kwa idadi ya panya wanaohitajika kweli, na mfanyakazi akisema "leo siwezi", apishwe bila kuhojiwa.