Saratani ya mzazi inaporudi: majibu ni ya nani?

Mama aliyewahi kutibiwa saratani ya matiti, akamaliza dozi na kurudi kwenye shughuli zake, akianza tena kulalamika mgongo na kupelekwa kupimwa, mara nyingi si yeye anayepewa majibu. Anayepewa ni mwanawe mkubwa, aliyeitwa pembeni na daktari.

Wanaoficha wana hoja. Wanahofu kwamba mgonjwa akijua atakata tamaa na kususia chakula na dawa, na wengine huona ni utovu wa adabu mtoto kumtamkia mzazi habari inayonukia kifo. Wapo pia wazee ambao kweli hawataki kujua, na hao waheshimiwe. Nasita pale mzee anaposemewa kwamba hataki, ilhali hakuna aliyemuuliza.

Husemwa pia kwamba kumweleza mgonjwa waziwazi ni mila ya Wazungu. Mwaka 1961, madaktari wa hospitali moja ya Chicago waliulizwa kuhusu jambo hili, na asilimia 90 walipendelea kutomwambia mgonjwa kwamba ana saratani. Dodoso hilohilo liliporudiwa mwaka 1979 katika hospitali nyingine ya Marekani, asilimia 97 walipendelea kumwambia. Tofauti ni miaka 18 tu. Kama kusema ingekuwa mila yao ya asili, wale wa 1961 walikuwa wa kabila gani? Zaidi ya hapo, mtafiti wa kwanza aliona kwamba msimamo wa madaktari wale ulitokana na hisia zao kuliko uchunguzi wa yaliyowapata wagonjwa walioambiwa. Hofu yao ndiyo hii yetu, na wao waliiacha ndani ya umri wa daktari mmoja.

Kwa saratani iliyorudi, kuficha kuna gharama zaidi. Ikishafika kwenye mifupa au ini, kwa kawaida haiponi kabisa. Tiba hulenga kuipunguza kasi na kutuliza maumivu. Hapo kuna kuchagua: kuendelea na dripu za kemo, yaani dawa za kuua chembe za saratani, kupata mionzi ya kutuliza mfupa, au kutumia mofini ya maji na kukaa nyumbani karibu na wajukuu. Asiyejua hachagui, na huenda kiwanja chenye jina lake kikauzwa kwa uamuzi ambao hakuushiriki. Kwa Mwislamu kuna wosia, usiozidi theluthi kwa wasio warithi, na kuna madeni yanayolipwa kabla ya mirathi kugawanywa, ambayo pengine anayajua yeye peke yake.

Tena, aliyekwisha kukaa kwenye mabenchi ya Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, haulizi mashine ya mionzi ni ya nini. Wengi huwa wamekwisha kuhisi, wakanyamaza ili wasiwaumize watoto, na nyumba nzima ikawa inafichana jambo moja.

Hili halimaanishi kumbwagia mzee habari yote siku moja. Aulizwe mapema, kabla majibu hayajatoka: «Mama, ungependa daktari akueleze wewe, au amweleze nani?» Akimtaja kaka yake, aambiwe kaka yake, kwa kuwa mama ndiye aliyeamua. Utaratibu huo ufuatwe hata kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, ambako michango huombwa na maswali hayaishi: wachangiaji watajiwe kiasi na matibabu yanayolipiwa, na picha za vipimo zibaki kwa mama mpaka aruhusu mwenyewe.