Tunapanda mwarobaini, mjafari unaisha

Kila ikifika tarehe 5 Juni, siku ya mazingira, utawaona wakubwa na koleo mkononi wanapanda miti, na siku hizi wimbo ni "miti dawa", eti tunawainua waganga wa tiba asili na mazingira kwa mpigo. Wazo zuri, mimi sipingi. Ila chungulia huo mche wenyewe ni wa nini, mara nyingi ni mwarobaini au mlonge, basi.

Sasa mwarobaini Pwani hii nani hana? Asili yake huko India, ukidondosha mbegu unaota hata kwenye ufa wa kibaraza, ndege wanakula matunda wanaenda kuzimwaga mbegu huko mbele, mpaka hifadhi ya Saadani umeingia unabanana na miti ya asili. Uani kwako kwa kivuli na majani ya kuchemsha, safi kabisa. Kuupeleka msituni ukasema unaokoa mazingira, hapo tutagombana.

Kinachoisha ni vingine. Nenda kwa Wamasai wanaotandika mizizi na magome pembeni ya barabara uulizie mjafari, wenyewe wanauita oloisuki, wanautia kwenye supu. Ni mti una vinundu vya miiba shinani, ukisugua jani linanukia kama ndimu. Hauna haraka ya kukua, na wateja wanataka mzizi au gome, majani hawana habari nayo. Na kuchimba dawa (sio ile ya basi likisimama njiani) ni kukata mizizi, ukizidisha mti unakufa, na gome ukilibandua kuzunguka shina lote nao unakufa vilevile maana chakula cha majani hakifiki tena chini. Mnakumbuka 2011 kikombe cha dawa cha Babu, yule mchungaji mstaafu wa kule Samunge, Loliondo? Shilingi 500 tu, ila kilichochemshwa ni mizizi ya mugariga, kichaka cha miiba cha porini. Sisi tulihesabu magari kwenye foleni, vichaka hatukuhesabu.

Kwa hiyo wanaosema tupande wana hoja nzito, mganga akiwa na mjafari wake nyuma ya nyumba atachukua kidogo kidogo kwa akili, maana akiuua kajiua mwenyewe. Na sheria ya tiba asili ipo tangu 2002, Muhimbili wana taasisi ya utafiti wa dawa za asili tangu 1974, na mti wa shambani ni rahisi kujua ni mti gani na una umri gani kuliko unga mweusi kwenye kichupa.

Upande wa pili nao usiubeze. Kuna waganga wanakwambia kabisa dawa ya kupandwa haina nguvu, ya porini imepigana na jua na wadudu ndio maana inauma. Nilikuwa nacheka, ila ukifikiria, mmea kweli unaweza kubadilisha dawa yake kulingana na udongo na shida unazopata, kwa hiyo hilo ni la kupima maabara, sio la kudharau. Halafu kuna ardhi. Sehemu nyingi ukipanda mti wa kudumu ni kama umeshika kiwanja, mwenye shamba hakuruhusu, na bibi mkunga aliyepanga chumba kimoja utampa miche kumi akaipande wapi, kwenye ndoo?

Na kuna biashara kubwa ambayo kitalu peke yake hakiiwezi. Msandali, Kenya walipiga marufuku kuuvuna 2007, bado unang'olewa na mizizi yake maana mafuta yapo humo, na anayeyataka sio mganga wa kijijini, ni watu wa manukato nje.

Mimi ningeanza na vitalu vya mjafari na wenzake, mganga alipwe kwa miche inayofika mwaka wa tatu, sio kwa picha ya siku ya kupanda. Najua ni kazi. Mjomba wangu Handeni alipanda mitano, mmoja kaula mbuzi, miwili ilikauka kiangazi, mmoja sijui hata ulipotelea wapi. Uliobaki umefika kiunoni, kauzungushia miba, na juzi jirani kaja kwa adabu zote kuuliza kama anaweza kupata kamzizi kadogo tu.