Msituchanganye na wauza vyeti

Jumapili nilikuwa msibani Ujiji, maongezi yakafika kwenye mambo ya shule, mzee mmoja akasema digrii za kusomea nyumbani zote ni za kununua. Watu wakaitikia. Nikanyamaza maana msiba sio mahali pa kubishana na wazee, lakini limenikaa moyoni mpaka leo.

Mimi nimesoma Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kile cha kusomea nyumbani. Miaka sita, mchana nafundisha, usiku nasoma kwa tochi ya simu umeme ukikatika, mitihani ikifika natoka Kasulu na basi la alfajiri mpaka kituo cha Kigoma na mtoto mgongoni. Sapu, mitihani ya kurudia ukifeli, nimeshika mbili nikazirudia. Chuo kimeanzishwa kwa sheria ya Bunge tangu 1992. Mandela mwenyewe LLB yake, digrii ya sheria, aliipata 1989 kupitia UNISA, chuo kikuu cha Afrika Kusini cha kusomea mbali, akiwa bado mfungwa, sasa naye alinunua?

Lakini najua kwa nini watu wanasema hivyo, maana kwetu yametokea. Kaka yangu, mtoto wa mama mdogo, aliuza kiwanja chake cha Gungu akalipa chuo cha mtandaoni cha nje, wakamwambia uzoefu wake wa kazi unatosha, hakuna mtihani. Bahasha ikaja. Nimeishika kwa mikono yangu, karatasi nzito, muhuri wa dhahabu, na transkripti ina masomo ambayo hajawahi hata kufungua kitabu chake, yote A. Kaiviringishia nailoni unyevu wa ziwa usiiharibu. Kazini wakamwambia peleka TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, ikatambuliwe, huko hakuna kitu, chuo hakitambuliki hata kwenye nchi kinakosema kipo.

Mnaosema alikuwa mjinga, yeye aliuliza kama chuo kina ithibati, yaani kimekaguliwa na kukubaliwa! Wakamtumia na tovuti ya bodi iliyowapa ithibati. Hapo ndipo watu wengi wanapoliwa, kwa sababu hawa matapeli wakitengeneza chuo wanatengeneza na bodi ya kukipitisha, mkono wa kulia unasaini cheti cha mkono wa kushoto. Ile kampuni ya Axact ya Karachi ilivyofichuliwa na New York Times 2015 ilikuwa hivyo hivyo, mamia ya tovuti, vyuo havina jengo wala mwalimu, kuna vijana wa kupiga simu tu, na bodi za ithibati za kwao wenyewe. Kwahiyo usimuulize anayeuza, waulize TCU kabla hujatoa hata mia, na kama chuo ni cha nje iulizwe mamlaka ya nchi ile.

Haya, nakubali sio kila chuo kisicho na ithibati ni cha matapeli, kuna vya dini vinafundisha kweli na wanafunzi wanatoka na kitu kichwani. Ila ukitaka kupanda cheo kwa cheti hicho utakwama tu. Na wale wa "elimu ni kichwani sio karatasi", mkeo akipelekwa hospitali ya Maweni usiku anahitaji upasuaji utakubali daktari wa bahasha?

Kaka yangu hajafukuzwa, bado anafundisha kwa cheti chake halali cha ualimu, kapungua sana lakini. Juzi usiku kanipigia, hakusalimia hata, akauliza dirisha la maombi la Huria linafunguliwa lini.