Extremadura na mgeni wa nusu siku

Mwishoni mwa Machi bonde la Jerte, kaskazini mwa mkoa wa Cáceres, jimbo la Extremadura nchini Uhispania, huwa jeupe kama limemwagiwa unga. Ni maua ya micheri, zaidi ya miti milioni moja, iliyopandwa kwenye matuta ya mawe toka bondeni hadi mlimani. Maua hayo hudumu kama wiki mbili tu, na barabara nyembamba ya bondeni hujaa magari kutoka Madrid. Nilipita hapo siku ya Jumapili. Msichana mwenye gauni refu alikuwa amepanda ukingo wa tuta apigwe picha. Jiwe likaporomoka chini ya kiatu chake, akacheka, akasogea kidogo. Gari lao lilikuwa limeziba njia ya shamba, na nyuma yake mzee mmoja yuko juu ya trekta anasubiri. Hakupiga honi. Alizima injini, akawasha sigara.

Jioni magari yote yalikuwa yameondoka.

Mtalii anayekwenda sehemu za namna hii hupewa orodha ileile kila mara: usitupe taka, usivunje matawi, usiingie shamba la mtu, salimia watu. Sina ugomvi nayo. Ukiingia kwenye baa ya kijiji bila kutamka "buenos días" kwa waliomo, ni sawa na kuingia uani kwa watu bila hodi. Ila orodha hiyo inamalizana na adabu ya mgeni na kumsahau mwenyeji. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tusemavyo. Mzee wa trekta alipona nini Jumapili ile?

Tusichanganye Extremadura na Barcelona, wala na Visiwa vya Canary, ambako Aprili 2024 maelfu ya watu waliandamana kupinga utalii uliopita kiasi. Mwaka huo Uhispania ilipokea wageni wa nje karibu milioni 94, lakini waliofika huku ni wachache mno. Jimbo hili ni kubwa kidogo kuliko Uswisi, na lina wakazi milioni moja na ushei tu. Vijana wanahama, shule za vijijini zinakosa watoto. Agosti 2025, moto ulioanzia kijiji cha Jarilla uliteketeza maelfu ya hekta hadi kuingia upande wa Jerte, na wenyeji wakarudia hoja yao ya siku nyingi: ardhi isiyo na mbuzi wala mkulima wa kufyeka huota vichaka, na vichaka ni kuni. Kwa hiyo anayesema "tuiache Extremadura kama ilivyo" ajue kuwa ilivyo ni kazi ya watu. Hata dehesa, ile misitu ya mialoni iliyoachana ambamo nguruwe weusi hula njugu za mialoni kuanzia vuli, ingegeuka pori kama asingekuwepo wa kuipogoa.

Basi tulete watalii wengi na pesa zao? Hapo ndipo kisa cha Valdecañas kinapokuja. Mwaka 2007 serikali ya jimbo iliidhinisha mradi katika kisiwa kilicho ndani ya bwawa la mto Tajo: majumba ya kifahari, hoteli, uwanja wa gofu. Eneo lenyewe lilikuwa limetengwa kulinda ndege. Wanamazingira walikwenda mahakamani, na mwaka 2022 Mahakama ya Juu ya Uhispania ikaamuru kila kitu kibomolewe. Waliolalamika kwa sauti kubwa hawakuwa matajiri wenye majumba peke yao. Wanavijiji wa El Gordo na Berrocalejo nao walilia, kwa sababu mradi ule ulikuwa umewapa ajira za usafi, bustani na jikoni. Mimi naona mahakama ilikuwa sahihi, maana sheria inayolegezwa kila penye ajira si sheria. Lakini siwezi kumwambia mama aliyetegemea mshahara wa pale kwamba apoe kwa kuwatazama ndege.

Na ndege wenyewe ni wa kutazamwa kweli. Katika hifadhi ya taifa ya Monfragüe, ukisimama mbele ya jabali la Salto del Gitano, tumbusi wanapita usawa wa macho yako, karibu kiasi cha kusikia upepo ukikata mbawa zao. Hapo hakuna madhara makubwa, maana mto umekaa kati yako na viota. Shida ni mpiga picha anayetaka kusogea zaidi. Tumbusi mweusi hutaga yai moja tu kwa mwaka. Akifukuzwa kiotani asubuhi ya baridi, mwaka mzima umekwenda. Huyo mpiga picha huenda amelala hotelini siku nne na kula vizuri. Yaani anayeacha pesa nyingi naye anaweza kuwa ndiye mharibifu.

Wapo watakaonijibu kwamba mgeni wa nusu siku walau hatumii maji mengi wala hahitaji kujengewa hoteli. Ni kweli. Na si kila mtu ana likizo: mfanyakazi wa Madrid ana Jumapili tu. Kumwambia aache gari nako ni mzaha, kwa kuwa reli ya Extremadura imekuwa kilio cha miaka mingi. Mwaka 2022 ilizinduliwa sehemu mpya kati ya Plasencia na Badajoz, lakini kipande cha kuiunga na Madrid kilibaki. Methali yetu humpa mgeni jembe siku ya tatu. Huku hata kitanda hajakikalia.

Nisichokubali ni kwamba lazima hiyo Jumapili yake iwe ya Machi. Mwezi Juni picota huanza kuiva, zile cheri za Jerte zinazochumwa bila kikonyo, na ndizo zinazomlisha mwenye trekta. Maua ni dalili tu. Unaweza kununua sanduku palepale bondeni, ukalipa mkononi, na njia ya shamba iko wazi.